Mdogo wangu ana kesi Ujerumani, anataka shahidi "aseme hakuona". Ni kosa?

DadaNgamiani
Habari zenu humu ndani, naombeni msaada maana usingizi sina. Mdogo wangu yuko Kiel huko Ujerumani mwaka wa sita sasa, mwaka jana aligombana na mtu nje ya baa akampiga chupa, na sasa kesi imefika mahakamani. Shahidi ni kijana wa hapahapa kwetu Ngamiani, walikuwa wanakaa pamoja kule, mama yake jirani yetu kabisa. Mdogo wangu kanipigia analia, eti niende kwa mama mtu amwambie mwanawe akisimama mbele ya hakimu aseme kulikuwa giza hakuona kitu. Kusema ukweli juzi nilishamtumia huyo kijana sauti WhatsApp, nikamwambia tusaidie mwanangu, sema hukuona. Hajajibu. Bi mkubwa chakula hakishuki na ananisukuma nikaongee na jirani leo leo. Hivi kwa sheria ya kule hili ni kosa, au ni ombi tu la ndugu? Na mimi niko Tanga, linanihusu kweli?

KakaMakorora
Pole sana dada. Mimi naona kuomba si kosa, kosa litakuja huyo dogo akidanganya kweli. Akikataa hakuna kilichotokea, watakushika kwa lipi?

MzeeRaskazoni
Makorora, hapo unampoteza dada wa watu. Nimeishi Hamburg miaka mingi na nimekaa mahakamani kule nikitafsiria Waswahili wenzetu, hili nimeliona kwa macho.

Kule shahidi akidanganya mahakamani hata bila kiapo ni kifungu cha 153 cha sheria yao ya jinai, miezi 3 hadi miaka 5, na wengi wala hawaapishwi, si kama kwetu ambako unaanza na msahafu au Biblia. Akiapishwa ndo balaa, kifungu cha 154, kuanzia mwaka 1 kwenda juu. Aliyemshawishi anahukumiwa kama huyo aliyedanganya. Sasa sikilizeni vizuri, kifungu cha 159 kinasema hata ukimshawishi AKAKATAA, lile jaribio lenyewe ni kosa, adhabu inapunguzwa lakini bado inaweza kufika miaka 3 na miezi 9. Kwa hiyo dada, ile sauti yako si jambo dogo. Na kukaa Tanga hakukukingi, wao wanatazama pia ule uongo ulitakiwa kusemwa wapi, na ulitakiwa kusemwa kwenye mahakama yao.

Kinachoniuma zaidi ni mdogo wako. Kama yuko nje anasubiri kesi, hakimu akijua anawarubuni mashahidi anaweza kumweka mahabusu kwa sababu hiyo, wanaiita Verdunkelungsgefahr, hatari ya kuvuruga ushahidi. Mtu angelala kwake mpaka siku ya hukumu, anaishia kulala ndani kwa ajili ya simu!

BintiChumbageni
Mzee shikamoo. Na je angekuwa ndugu yake ndo shahidi? Maana mimi nilisikia ndugu hawalazimishwi.

MzeeRaskazoni
Marahaba mwanangu. Kweli kabisa, mke, mchumba, mzazi, mtoto, kaka, dada, hao wana haki ya kukataa kutoa ushahidi, na kukataa si uongo. Rafiki hana haki hiyo hata kama mmelala chumba kimoja miaka kumi. Mshtakiwa mwenyewe anaruhusiwa kunyamaza, hata akijitetea kwa uongo haadhibiwi kwa uongo huo, mradi asimsingizie mtu mwingine. Ila akimvuta mtu mwingine adanganye, hapo kavuka.

Dada, bado hujachelewa. Sheria yao inamwachia mtu aliyerudi nyuma kwa hiari yake akaizuia ile hatari kabla haijatokea. Kwa mama mtu usiende. Ile sauti USIIFUTE. Mwambie mdogo wako amweleze wakili wake kila kitu, na wewe mwambie kijana waziwazi aseme alichokiona. Wakili anaweza kuuliza mashahidi maswali kihalali, hiyo ndo njia.

KakaMakorora
Nimekuelewa mzee, dada samahani niliongea nisichokijua.

DadaNgamiani
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma nikitetemeka. Jana usiku nimemtumia kijana sauti nyingine, nikamwambia yale niliyosema juzi nimeyaondoa, yalikuwa ya uchungu, wewe sema ulichokiona na mimi sitakuchukia wala mama yako hatasikia neno kwangu. Mdogo wangu kafoka kwanza halafu akanyamaza, asubuhi hii kasema anaenda kwa wakili. Kijana kanijibu alfajiri, kaandika "asante dada, nilikuwa naogopa hata kushika simu". Bi mkubwa bado hajaniongelesha.