Msimu wa korosho si dharura: tunataka makarani wa zamu ya pili, hatutaki semina nyingine ya ustawi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni karani wa ghala hapa Mtwara mjini, huu ni mwaka wangu wa saba katika korosho, na mwajiri wangu sitamtaja kwa sababu bado nakula kwa kazi hiyo. Jana jioni tumetoka kwenye kikao ambacho tuliambiwa mambo mawili kwa mpigo: kwamba ombi letu la kuongezewa makarani wa muda kwa ajili ya msimu unaoanza Oktoba limekataliwa kwa kuwa bajeti haitoshi, na kwamba uongozi, kwa kuijali afya yetu, umetenga fedha za kurudia semina ya ustawi wa wafanyakazi kama ile ya mwaka jana, yenye mkufunzi kutoka Dar es Salaam, ukumbi wa hoteli, fulana na chakula cha mchana.

Kwa wasioishi huku Kusini, nieleze kidogo kazi yenyewe. Minada inapofunguliwa, malori huanza kushuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi mchana na usiku, na kila lori likifika lazima lipimwe kwenye mizani, magunia yahesabiwe, sampuli zichukuliwe, unyevu upimwe, korosho zikatwe ili daraja lake lijulikane, kisha mzigo upangwe na stakabadhi iandikwe. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima hakabidhiwi fedha pale anapoleta mzigo. Anasubiri korosho yake iuzwe mnadani kupitia chama chake cha msingi, na kinachosimama badala ya mzigo wake muda wote huo ni ile karatasi tunayoiandika sisi. Namba ikikosewa, kuna mtu kijijini atakayelipwa pungufu au atakayecheleweshwa. Kwa hiyo ninapozungumzia uchovu wa karani, nazungumzia pia ada za watoto wa watu na mabati ya nyumba zao.

Sasa tazameni saa zetu. Msimu uliopita tuliingia saa 12:30 asubuhi na kutoka saa 2:30 usiku, siku 6 kwa wiki, tukipewa nusu saa ya kula. Hizo ni saa 13 na nusu kwa siku, yaani saa 81 kwa wiki, na hapo sijahesabu usiku ambao malori yalijazana tukakesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki 4, tena kwa makubaliano. Sisi tulikuwa tunazidisha saa 36 kila wiki, ambazo kwa wiki 4 ni 144, karibu mara tatu ya kiwango hicho. Sheria hiyohiyo inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Sisi tulikuwa na saa 10, na ndani yake kuna kusubiri bajaji, kuoga, kula na kumwangalia mtoto aliyekwisha kulala. Inataka dakika 60 za mapumziko kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, tulipewa 30. Saa ya ziada inatakiwa kulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, lakini sisi tunapewa kitu kinachoitwa posho ya msimu, kiasi kilekile kwa aliyekesha na kwa aliyewahi kuondoka.

Najua wapo wenzangu wanaozitaka saa hizo kwa sababu ya hiyo posho, na siwalaumu, maana mshahara wa miezi mingine hautoshi. Lakini mtu anayeuza usingizi wake ili alipe kodi ya nyumba hajakubali kwa hiari.

Nawaletea usiku mmoja wa Novemba. Ilikuwa imekaribia saa 6 usiku na lori la mwisho lilikuwa juu ya mizani. Mezani alikaa dada mmoja, mwenzangu wa siku nyingi, aliyekuwa hapo tangu alfajiri. Mimi nilisimama pembeni yake nikimmulikia daftari kwa tochi ya simu, kwa kuwa taa ya upande ule ilikuwa imeungua kwa wiki nzima. Vumbi la magunia lilikuwa limemganda kwenye kope. Nilimwona akiandika tarakimu ya kwanza, kisha kalamu ikasimama, kichwa kikainama, na ncha ya kalamu ikateleza ikaacha mstari wa wino hadi ukingoni mwa ukurasa. Akashtuka, akajifuta uso kwa pindo la kanga, akamalizia kuandika. Mizani ilikuwa imesoma kilo 12,460. Yeye aliandika 14,260. Nami niliyekuwa na tochi niliuona ule mstari, namba sikuiona.

Siku mbili baadaye hesabu ya ghala ilipofanywa, kilo 1,800 hazikuonekana, na kwa siku tatu dada yule aliitwa mwizi. Alihojiwa, mkoba wake ukapekuliwa mbele ya makuli, na mumewe akapigiwa simu. Alikuja kuokolewa na nakala ya tiketi ya mizani iliyokuwa imebandikwa kwenye faili lisilo lake. Hakuombwa radhi. Alipewa barua ya onyo kwa uzembe, na katika barua ile, ambayo niliisoma kwa macho yangu, hapakuwa na neno hata moja kuhusu saa alizokuwa amekaa pale mezani.

Huyu alikuwa mtu anayewajua madereva kwa majina na kuwauliza habari za nyumbani. Baada ya hapo akawa anafika, anakaa, hasemi. Mwezi Januari aliniambia, "Kaka, siku hizi mizani isome itakavyosoma, kwangu ni sawa tu."

Maneno hayo yalinitisha kuliko kama angelia. Shirika la Afya Duniani, lilipoieleza hali hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa burnout, mwaka 2019, lilisema inatokana na msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukudhibitiwa, na likataja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuikinai, na kushuka kwa uwezo wa kuifanya vizuri. Halikuiweka katika kundi la magonjwa. Liliiweka kama hali inayotokana na ajira. Maana yake ni kwamba chanzo kinatafutwa kwenye zamu, kwenye idadi ya watu na kwenye mzigo wa kazi, kabla ya kutafutwa ndani ya kichwa cha mfanyakazi.

Hayo niliyajua katika semina ileile ninayoilalamikia, kwa hiyo mkufunzi sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na walioipanga. Iliwekwa Jumapili ya Desemba, katikati ya msimu, siku pekee tuliyokuwa nayo ya kulala. Majina yaliitwa asubuhi na tukaambiwa asiyefika ataandika maelezo. Siku ya mapumziko ya wiki ni saa 24 kwa mujibu wa sheria, na anayefanyishwa kazi siku hiyo hulipwa mara mbili. Sisi tulipewa fulana. Mchana kutwa tulifundishwa kuvuta pumzi kwa utaratibu, kunywa maji ya kutosha, kuzima simu usiku na kulala saa 8. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu kabisa: mtu anayefika nyumbani saa 3:15 usiku na kuamka saa 10:45 alfajiri, saa 8 za usingizi azitoe wapi? Kabla mkufunzi hajafungua mdomo, meneja wetu aliyekaa mstari wa mbele akageuka na kusema, "Tusiingize mambo ya ratiba hapa, leo ni siku ya afya."

Ratiba ndiyo afya yetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo yatokanayo na mishipa kuziba kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Sisi tupo kwenye 81. Hakuna namna ya kuvuta pumzi itakayoifuta tofauti hiyo.

Kila tukilisema hili, jibu la uongozi ni neno moja: dharura. Neno hilo halikuchaguliwa kwa bahati, kwa sababu sheria inalegeza masharti ya saa pale kazi inapokuwa ya dharura isiyoweza kufanyika ndani ya muda wa kawaida. Ghala likishika moto, hiyo ni dharura. Mvua ikiezua paa na magunia yakawa yanalowa, niamsheni saa 9 usiku, nitakuja mbio. Lakini mikorosho imekuwa ikizaa miezi hiyohiyo tangu babu zetu, minada hufunguliwa Oktoba, na uongozi wenyewe unakodi turubai na kununua magunia miezi miwili kabla. Jambo unalolinunulia turubai mwezi Agosti huwezi kuliita dharura mwezi Novemba.

Tulichoomba si kikubwa. Tuliomba makarani 6 wa mkataba wa miezi minne, wafundishwe mwezi Septemba, ili pawe na zamu mbili. Hapa mjini kuna tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania, na vijana waliosomea uhasibu na ugavi wapo mitaani Chikongola na Magomeni wakitafuta kazi ya kuanzia. Tuliomba pia vyama vya msingi vipewe siku za kuleta mzigo badala ya malori yote kufika jioni moja, pamoja na barakoa za vumbi, na karani asipime peke yake baada ya saa 2 usiku. Kuhusu fedha, sikubali hata kidogo kwamba hazipo, kwa kuwa ukumbi, chakula, fulana na nauli ya ndege ya mkufunzi zimepatikana.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Je, wafanyakazi kadhaa wanaweza kufungua shauri moja kwa pamoja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au kila mmoja afungue lake? Je, aliyewahi kumwita afisa kazi aje akague daftari la mahudhurio alilindwaje asijulikane? Daftari letu linaonyesha saa za kuingia tu, sehemu ya kutoka imeachwa wazi kwa makusudi, kwa hiyo mimi nimeanza kuandika saa zangu kwenye daftari la shule na kila Jumamosi wenzangu wawili wanatia saini kando. Kama kuna ushahidi mwingine unaotakiwa, niambieni mapema.

Orodha ya makarani wa msimu ujao imebandikwa leo asubuhi. Tupo 6, walewale, na jina la yule dada ni la pili, mezani pa mizani.