hAP ac lite inapokea faili la AREDN, nikizima inarudi kuwa ya zamani

MtangaSD
Wakuu habari, na wakubwa shikamooni. Natokea Tanga, naishi San Diego mtaa wa City Heights. Juzijuzi nimefaulu mtihani wa leseni ya Technician, ile ya ngazi ya kwanza ya redio za ridhaa, na alama ya wito (jina langu la hewani) imeshatoka. Kilichonileta kwenye redio za ridhaa ni moto. Majirani bado wanasimulia ule wa Cedar wa 2003 na wa Witch Creek wa 2007. Mnara wa simu ukikosa umeme siku kama hiyo, utamjulishaje mwenzio ulipo? Ndiyo maana nataka nyumba yangu iingie kwenye meshi ya AREDN, mtandao wa data wa redio za ridhaa ambamo kila kituo (nodi) kinapokezana na kingine.

Nimenunua ruta ya MikroTik hAP ac lite iliyotumika. Natumia Tiny PXE, programu ya kuitumia ruta faili kwa waya inapowaka, kwenye Windows, laptopu nimeipa 192.168.1.10, Wi-Fi nimezima, faili la kwanza nimelibadilisha jina kuwa rb.elf. Nikabonyeza riseti kwa kijiti cha meno, nikachomeka umeme bila kuachia, na kwenye skrini nikaona kabisa faili limetumwa. Nikafungua 192.168.1.1: kimya. Nikasoma mahali kwamba waya uhamishwe kutoka poti 1, basi nikazima ruta, nikahamisha, nikawasha. Imerudi RouterOS, mfumo wa kiwandani wa MikroTik, ile ya 192.168.88.1, kana kwamba hakuna kilichofanyika. Nimerudia mara nne. Flashi yake, kumbukumbu ya kudumu, imeharibika?

FundiMnara
Haijaharibika, kaka. Usiitupe wala usiirudishe kwa aliyekuuzia.

Kosa liko kwenye neno moja uliloandika: "nikazima". Lile rb.elf haliandikwi kwenye flashi. Linapakiwa kwenye RAM tu, kumbukumbu ya muda, ile MB 64, na ruta inaliendesha humo humo. Ukikata umeme, RAM inafutika, na ruta inasoma tena kilichomo kwenye flashi, yaani RouterOS. Hata ukirudia mara mia itakuwa hivyo hivyo, maana hujafika hatua ya kuandika.

Kurasa haikufunguka kwa sababu AREDN ikishawaka, poti 1 inakuwa WAN, upande wa kuingilia intaneti. Wewe unatakiwa uwe upande wa LAN, yaani wa vifaa vya ndani, poti 2, 3 au 4. Kwa hiyo: rb.elf likishatumwa achia kitufe, subiri dakika mbili tatu, kisha hamisha waya ruta ikiwa inawaka. Umeme usiuguse. Fungua 192.168.1.1, ikikuuliza, mtumiaji ni root na neno la siri ni hsmm. Hapo ndipo unapopakia faili la pili, lenye neno sysupgrade kwenye jina lake. Hilo ndilo linaloandikwa kwenye flashi. Hakikisha yote mawili ni ya toleo moja na ya modeli hiyo hiyo. Ikianza kuandika usiiguse mpaka ijiwashe yenyewe.

Mimi huweka swichi ndogo katikati ya laptopu na ruta. Ruta ikizima na kuwaka, Windows haioni waya umekatika, na Tiny PXE haipotezi anwani yake. Mtu akiniletea ruta "iliyogoma", hilo ndilo la kwanza najaribu, la pili ni kuzima faiawoli.

Mama_Antena
Naongezea kwa wenye redio za kampuni ya Ubiquiti wasije wakafuata njia hii. Kule hakuna rb.elf. Unashikilia riseti unapowasha mpaka taa zianze kupokezana, kisha unasukuma faili kwa TFTP (njia rahisi ya kutuma faili kwa waya) kwenda 192.168.1.20. Kwanza angalia bodi yako ni ya aina ya XM au XW. Mafaili yake ni tofauti.

Mwanangu MtangaSD, jambo lingine. Hiyo hAP ni ya ndani. Redio yake ya 2.4 GHz haitavuka kuta na miti ikafika nodi ya mlimani. Utahitaji redio ya nje yenye antena, juu ya paa, inayouona mlima kwa macho, uiunganishe na poti 5 ya hAP, ndiyo ya kuunganisha nodi kwa nodi. Kwenye 2.4 sisi hapa Marekani tunapenda chaneli -2, yaani 2397 MHz. Iko ndani ya bendi yetu na chini ya chaneli za Wi-Fi za kawaida, kwa hiyo makelele ni machache. Ila chaneli, upana wake na SSID (jina la mtandao) lazima vilingane na vya wenzako. Tofauti moja tu, hamtaonana.

Na mawasiliano ya meshi hayafichwi kwa usimbaji. Ndiyo sheria ya bendi zetu. Mambo ya benki yaache kwenye intaneti ya nyumbani.

KijanaWaArusha
Na huku kwetu Tanzania naweza kuweka?

FundiMnara
Leseni kwanza, mdogo wangu, kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Halafu masafa ni ya leseni yako. Usinakili chaneli za Marekani.

MtangaSD
Fundi, Mama, Mungu awabariki. Nimehamisha waya inawaka, nikahesabu dakika tatu kwa saa ya ukutani, kurasa ikafunguka. Nikapakia sysupgrade, nikakaa mikono mapajani. Ilipowaka tena ikasema NOCALL, yaani bado haina alama ya wito, na kuomba jina la nodi. Nimeandika alama yangu ya wito, kistari, halafu JIKONI, maana ndipo ilipo. Nimebadilisha na neno la siri. Kisha nikachomoa umeme kwa makusudi, nikawasha. Jina lipo. Jumamosi napanda paani na darubini kuutafuta mlima.