Bosi anakalia kazi wiki nzima halafu dedilaini ikifika kosa ni langu

Wakuu leo naomba nitoe ya moyoni maana nikiendelea kunyamaza nitakuja kumjibu mtu vibaya halafu niambiwe sina nidhamu. Mimi kazi siogopi na presha nimeizoea, kazi za kukesha nimeshafanya sana tu na hakuna aliyenisikia nikilalamika. Kinachonimaliza ni bosi anayetengeneza dharura kwa mikono yake mwenyewe halafu anatugeukia sisi kama vile ndiyo tumeileta.

Ngoja niwaeleze inavyokwenda. Ripoti inatakiwa kwa mteja Ijumaa jioni. Jumatatu nimeshamtumia rasimu iliyokamilika, majedwali yote yamo, na nimemwandikia kabisa naomba uipitie kabla ya Jumatano ili nibaki na muda wa kurekebisha. Kimya. Jumanne namkumbusha, anajibu "nitaiangalia". Jumatano nakumbusha tena kwa adabu zote, ananiambia nisimpe presha ana mambo mengi (yeye ndiye anapewa presha, mnasikia hiyo?). Alhamisi sijui alikuwa wapi. Ijumaa saa nane mchana ndiyo anafungua faili kwa mara ya kwanza na hapo sasa hakuna kinachofaa, utangulizi mrefu, mpangilio mbovu, rangi za grafu hazimpendezi, na takwimu za mwaka juzi nazo ziingizwe wakati tulikubaliana kwenye kikao tena kwa mdomo wake kwamba haturudi nyuma zaidi ya mwaka jana. Halafu anamalizia na ule msemo wake, "ni vitu vidogo tu hivyo, nusu saa umemaliza."

Nusu saa! Mtu anayesema nusu saa hajawahi kuligusa hilo jedwali. Takwimu za mwaka juzi mimi sina, ziko kwa watu wa uhasibu, na wao Ijumaa mchana wanafunga mambo yao kwa hiyo inabidi nianze kubembeleza watu mlango kwa mlango na wananiona mimi ndiye msumbufu ninayekumbuka mambo dakika za mwisho. Nikizipata, hesabu zote za chini zinabadilika, grafu zinabadilika, maelezo yaliyoandikwa kutokana na zile grafu nayo yanabadilika, na katikati ya hayo simu yake inaita kila nikishika kibodi, "umefika wapi?" Nimefika palepale uliponiacha uliponipigia mara ya mwisho mkuu, maana muda wa kufanya nautumia kupokea simu zako.

Na mambo yakishakuwa moto ana dawa yake moja, anatupia watu wengine wawili "wakusaidie". Hao watu hawajui kazi imeanzia wapi, kwa hiyo naacha kufanya naanza kufundisha, mmoja anafungua faili la zamani anarekebisha humo humo, mwingine anafuta fomula, mwisho tuna matoleo matatu na hakuna anayejua lipi ndilo. Hili wala si siri, Frederick Brooks aliyesimamia mradi mkubwa wa programu pale IBM aliliandika tangu 1975 kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu ndiyo unachelewa zaidi. Yule alikuwa anasema kuhusu programu za kompyuta lakini aisee ni kama alikuwa amekaa kwenye idara yetu.

Ripoti ikatoka usiku, mteja akalalamika kidogo. Mnajua bosi alifanya nini? Akaandika kwenye grupu la WhatsApp la kazini mbele ya watu wote, "kuna watu humu bado hawajui kupanga muda." Jina hakutaja ila kila mtu anajua. Na wapo waliogonga kidole gumba!! Watu walewale ambao wiki iliyopita walikuwa wanalia kwangu kwa jambo hilihili. Hao ndio walioniuma kuliko hata bosi.

Sitaki kuongelea sana zile voisi za saa nne usiku maana hilo nadhani liko kila mahali siku hizi. Ufaransa wao tangu 2017 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zikae mezani na wafanyakazi wajadili haki ya mtu kutopatikana akishatoka kazini. Sisi ukichelewa kujibu asubuhi unaulizwa "jana ulizima simu?"

Na asije mtu hapa kuniambia vijana wa siku hizi laini, sisi tulikuwa tunafanya kazi mpaka usiku wa manane na hatukufa. Watu wanakufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa utafiti wao 2021 wakakadiria vifo 745,000 kwa mwaka 2016 peke yake, kiharusi na moyo, kutokana na kufanya kazi saa nyingi, na anayepiga saa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kiharusi iko juu kwa asilimia 35 ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Sasa mimi nipate kiharusi kwa ajili ya rangi ya grafu?

Nimejaribu njia ya maandishi. Nikamtumia imeili kwamba nisipopata maoni mpaka Jumatano saa kumi nitachukulia rasimu imekubalika na ninaituma ilivyo. Akanijibu haraka kuliko alivyowahi kunijibu tangu nimjue, neno moja, "usinipangie." Yaani hiyo imeili aliisoma palepale, rasimu iliyoambatanishwa hakuigusa.

Swali langu kwa mliopitia haya, kuna aliyewahi kufanikiwa kumfanya bosi wa namna hii asome rasimu mapema? Sizungumzii kuacha kazi wala kumshtaki kwa wakubwa zake, wakubwa zake ndio waliompandisha cheo. Nataka asome tu, siku mbili kabla, basi. Na wale wa "vumilia tu ndugu ndiyo maisha" leo mnipitie mbali.