Kutoboa boksi la chujio la hewa la pikipiki: nguvu itaongezeka kweli?

MsafiriMarafa

Assalamu alaikum, na shikamooni wakubwa. Nina pikipiki ya 150 cc yenye kabureta, ninayoitumia kubeba abiria na mizigo kati ya Malindi mjini na Marafa. Kwenye lami tambarare inakwenda vizuri, lakini nikiwa na abiria na gunia na kuanza kupanda mlima, nikifungua mafuta hadi mwisho inaunguruma tu bila kuongeza mwendo, kana kwamba imezibwa pua. Kijana mmoja wa gereji amenishauri nitoboe boksi la chujio la hewa kwa chuma cha moto, au niling'oe kabisa na kufunga chujio dogo la duara moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Nimefungua kiti nikatazama, nikaona bomba linaloingiza hewa kwenye boksi ni jembamba, halipitishi zaidi ya vidole viwili, na kwa akili ya kawaida naona hapo ndipo panapobana. Naomba kujua kama kazi hii naweza kuifanya nyumbani kwa spana na bisibisi, matundu yawe makubwa kiasi gani, na kama kweli nitapata nguvu. Pikipiki hii ndiyo inayolisha watoto wangu, kwa hiyo sitaki kuifanyia kazi ya kubahatisha.

FundiMaweni

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Kazi yenyewe ya mikono ni nyepesi na unaweza kuifanya nyumbani. Ugumu uko katika yale yanayofuata baada ya tundu, na hayo ndiyo watu wengi hawaelezwi.

Injini ya pistoni moja haivuti hewa mfululizo. Huvuta kwa mkupuo, mara moja katika kila mizunguko miwili, na katikati ya mikupuo hiyo hewa ndani ya bomba husukumana na kurudi nyuma. Boksi lile unaloliona kama kizuizi ni akiba ya hewa tulivu iliyowekwa karibu na kabureta ili kila mkupuo ukute hewa tayari. Ule wembamba wa bomba umewekwa kwa sehemu kubwa ili kupunguza mngurumo, na kwa sehemu nyingine ili maji na mchanga visiingie kwa wingi.

Sasa tazama petroli. Ili iungue yote, kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa, na injini inapobeba mzigo mzito hupenda petroli izidi kidogo, yaani kilo moja kwa kilo 12 au 13 za hewa. Jeti kuu ya kabureta yako, yaani kile kitundu kidogo kinachopima petroli inayoingia, ilichaguliwa kiwandani boksi likiwa mahali pake. Mbano mdogo wa boksi husaidia kuvuta petroli kupitia jeti, kwa hiyo ukiuondoa, hewa inaongezeka ilhali ule mvuto unapungua, na mchanganyiko unabaki na upungufu wa petroli. Mngurumo utakuwa mkubwa na utadhani pikipiki imepata nguvu, kumbe injini inachemka, inagonga ikiwa na mzigo, na mwisho wake inanoki. Kwetu pwani hatari hiyo ni kubwa kuliko bara. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Malindi. Ikiwa pikipiki yako ilinunuliwa huko na kabureta ikarekebishwa huko, basi tayari inapata petroli pungufu hata kabla ya kutoboa chochote. Muulize aliyekuuzia.

Kuhusu lile chujio la duara, sikushauri hata kidogo. Hukaa wazi nyuma ya silinda, likavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, kwa hiyo unachokipata kwa kufungua njia unaweza kukipoteza kwa joto.

Kabla hujashika chuma cha moto, fungua boksi, toa chujio, ulitazame kwenye mwanga, kisha utueleze ulichokiona. Mara nyingi dalili unazozitaja hutoka hapo.

BintiGongoni

Naongeza neno kuhusu vumbi, kwa kuwa na mimi huendesha upande huohuo, na barabara zetu za mchanga pamoja na upepo wa chumvi havina huruma. Injini ya 150 cc ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huku mafuta yamefunguliwa kikamilifu humeza takriban lita 300 za hewa kwa dakika moja. Ukiifuata lori kwenye njia ya Marafa, lita hizo zina mchanga mwekundu ambao ukipita chujio hugeuka msasa kati ya ringi na silinda, na baada ya muda utaona moshi wa buluu na oili inayopungua bila kuvuja.

Kuna kipimo rahisi. Toa chujio, funga kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye kidole, kisha pangusa ndani ya mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye kabureta. Upande huo unapaswa kuwa safi. Kitambaa kikitoka na wekundu, vumbi linapita, ama chujio limechakaa au ukingo wake haukai vizuri. Mimi hupaka grisi nyembamba kwenye ukingo kila ninapolirudisha.

MsafiriMarafa

Ahsanteni sana, nyote wawili. Nimefungua leo baada ya swala ya alasiri. Chujio ni la sponji, limekuwa zito kwa vumbi na oili ya zamani, na nilipolibana likamegeka pembeni. Kitambaa kimetoka na wekundu. Nimeona pia ufa kwenye mpira wa kabureta, upande wa boksi, na ukiukunja unafunguka. Je, nikibadilisha hivyo viwili, bado kuna haja ya kutoboa?

FundiMaweni

Badilisha vyote viwili kwanza, na uache sponji za kukata godoro, kwa maana matundu yake hayalingani. Sponji mpya ioshe kwa mafuta ya taa kila inapochafuka, kisha kwa maji ya sabuni, uikaushe kivulini, uitie oili kidogo na kuikamua mpaka isidondoke. Fungua pia kikombe cha kabureta, kile cha chini kinachokaa petroli. Chumvi yetu huacha unga mweupe chini yake, na unga huo huziba jeti, jambo ambalo nalo hukata nguvu mlimani.

Kisha soma plagi. Weka plagi safi, pasha injini moto, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu wala mifugo, fungua mafuta hadi mwisho kwa muda mfupi, halafu bana klachi na uzime injini papo hapo, usiiache inguruma polepole. Fungua plagi na utazame udongo mweupe unaozunguka ncha ya katikati. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Ukibaki mweupe kabisa, petroli ni pungufu. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi.

Ikiwa baada ya hayo bado unataka kufungua njia ya hewa, usiguse boksi lako la asili. Tafuta mfuniko wa pili uliotumika, utoboe huo, ili uweze kurudi ulipoanzia. Tundu liwe upande wa hewa chafu, kabla ya chujio, sehemu ya juu iliyo chini ya kiti, na mbali na gurudumu la nyuma. Anza na tundu dogo moja, uwe na jeti kuu ya hatua moja juu, mfano kutoka namba 110 hadi 115, na usome plagi upya kila unapobadilisha kitu. Ukitoboa chini ya boksi, mvua za masika zikijaza mashimo upande wa Mto Sabaki, injini itavuta maji, na maji hayabanwi na pistoni: konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, hupinda papo hapo.

MsafiriMarafa

Nimekuelewa, fundi. Nitaanza na sponji, mpira na kikombe cha kabureta, na mfuniko nitauacha kama ulivyo mpaka nisome plagi.