Mrejesho: ile filamu ya rubani mlanguzi nimeipata

Jamani, shukrani. Niliuliza kuhusu filamu ya rubani wa abiria aliyegeuka msafirishaji wa kokeini: anatua barabarani mtaani, anatoka mweupe pepepe kwa unga, anampa mtoto mabunda ya noti na kuondoka na baiskeli yake. Aliyejibu American Made kapatia. Ni ya 2017, Tom Cruise akiigiza kama Barry Seal.

Tumeitazama kwa binamu yangu Kisauni, feni ikinguruma kuliko ndege zenyewe. Inachekesha kuliko nilivyotarajia. Mjomba lakini, mzee wa bandarini, hakuridhika: "Huyu wamempaka mafuta sana." Nikafukua, na ana haki. Kwenye filamu, CIA wanamkuta 1978 akiwa bado rubani wa TWA, shirika la ndege la Marekani. Kumbe Seal halisi alikamatwa 1972 kwa shehena ya vilipuzi, na kazi ya TWA ikamtoka muda mrefu kabla ya 1978.

Picha za siri alizowapigia maafisa wa Marekani huko Nikaragua 1984, Pablo Escobar, bwana wa kokeini wa Kolombia, akiwemo, zilimponza. Habari zilivuja magazetini, na Februari 1986 akapigwa risasi akafa Baton Rouge, Marekani. Hapo filamu imepita mbio mno.

Mjomba sasa anataka ya Escobar mwenyewe. Mwenye pendekezo?