Usanifu wa tovuti kubwa: tuanze na mchoro au tuanze na msimbo?

MtuWaKamanga

Wanajukwaa, salaam kutoka Mwanza. Sisi ni timu ya watu wanne, na tumepewa kazi ya kujenga tovuti ya muungano wa vyama vya ushirika vya wavuvi na wachuuzi wa samaki. Inatakiwa ionyeshe mialo (yaani mahali pa kushushia samaki), vyombo vya uvuvi vilivyosajiliwa, bei za kila siku, vibali na mafunzo, kwa Kiswahili na Kiingereza. Tulianza kwa namna tuliyozoea, yaani ukurasa wa mwanzo wa kupendeza, kisha kila kiongozi akileta hoja tunamwongezea ukurasa wake. Leo tuna kurasa zipatazo 400, na tovuti imefanana na vilima vyetu vya Mabatini: kila nyumba imekaa juu ya jabali lake, vijia vinapita uani kwa watu, na mgeni akipanda hajui atashukia wapi. Bei ya sangara imeandikwa mahali patatu, na wiki iliyopita kila mahali palikuwa na bei yake.

Nimesikia kwamba zipo mbinu za usanifu zenye hatua maalumu, kama RMM (Relationship Management Methodology), inayoanza na mchoro wa habari na uhusiano wake. Je, zinaifaa timu ndogo kama yetu, au ni mambo ya darasani?

Fundi_Igoma

Ndugu yangu, RMM ilichapishwa mwaka 1995 na Isakowitz, Stohr na Balasubramanian, kwa ajili ya hali hiyo hiyo unayoieleza: habari nyingi, zenye mpangilio unaojirudia, na zinazobadilika mara kwa mara. Ina hatua saba, lakini usitishwe na idadi. Tatu za kwanza ndizo zenye uzito. Zilizobaki ni kuigeuza michoro kuwa sura, tabia ya mfumo na msimbo uliojaribiwa.

Hatua ya kwanza ni mchoro wa huluki (yaani vitu tunavyovitunzia habari) na uhusiano, ule ule wa Peter Chen wa mwaka 1976 tuliofundishwa kwa ajili ya hifadhidata. Katika hatua hii neno "ukurasa" lisitajwe kabisa. Taja mwalo, chombo, mmiliki, aina ya samaki na bei, kisha uliza kila kimoja kinahusiana vipi na kingine. Niliwahi kushiriki kazi inayokaribiana na yenu, nasi tukaandika kwamba chombo kina mwalo mmoja, kwa sababu fomu ya usajili ilikuwa na nafasi moja tu. Laiti tungechora kwanza, tungeona kwamba chombo husajiliwa katika mwalo mmoja lakini hushusha samaki katika mialo mingi, kwa kuwa wavuvi humfuata samaki na kuhama kambi. Hayo ni mahusiano mawili, na sisi tulikuwa tumeyabana yakawa moja. Tuligundua kurasa zikiwa zimeshajengwa, tukarudia kazi ya wiki sita.

Hatua ya pili ni kuikata kila huluki vipande. Mwalo una habari nyingi, na mwenye simu yenye bando dogo hazihitaji zote kwa pamoja. Kwa hiyo mnaamua kipi kiwe kipande cha mlangoni, pengine jina, wilaya na bei za karibuni, na vipi vifunguliwe baadaye. Hatua ya tatu ni njia. Msomaji akitoka kwenye mwalo kwenda kwenye vyombo vyake, apewe faharasa, yaani orodha, achague, au aongozwe kimoja baada ya kingine? RMM ina alama yake kwa kila namna. Vyombo 300 vinahitaji faharasa, ilhali mafunzo ya kukausha dagaa kwenye chanja yanahitaji kuongozwa, kwa sababu somo la tatu halieleweki bila la pili. Bei yenu ya sangara nayo itapona hapo: itakaa mahali pamoja, na kurasa zote tatu zitaichukua kutoka huko.

Binti_Nansio

Namshukuru aliyetangulia, ila nina shaka na mahali anapoanzia. Ukianza na data, utapata tovuti iliyopangwa kama kabati la ofisi, ambalo aliyelipanga pekee ndiye hulifungua kwa raha. Mwaka 1998 De Troyer na Leune walileta WSDM, mbinu nyingine ya kusanifu tovuti, ambayo huanza kwa kutamka tovuti ipo kwa ajili gani, kisha huwagawa watumiaji katika makundi kulingana na habari wanazozihitaji, na kila kundi likapewa njia yake tangu mlangoni.

Chukueni mfano wa dagaa. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi mingi hulala. Mchuuzi wa soko la samaki la Kirumba anayefungua ukurasa wa bei siku hizo hatafuti bei ya leo, kwa kuwa leo hakuna bei. Anatafuta bei ya mwisho pamoja na tarehe yake, na tarehe hiyo ionekane wazi kuliko hata bei yenyewe, asije akanunua magunia kwa hesabu ya wiki iliyopita. Mchoro wa huluki utakuambia tu kwamba bei ina tarehe. Hautakuambia kwamba kuna mtu atapata hasara asipoiona.

Nendeni Mwaloni, hapo hapo Kirumba, alfajiri na kadi za karatasi, kila kadi ikiwa na kichwa cha ukurasa mmoja, muwaombe wachuuzi, mawakala na viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo) wazipange mafungu kwa akili zao. Msiwasaidie. (Na msiende mikono mitupu, chai na maandazi hufungua mazungumzo.)

MzeeWaSeva

Vijana, mnabishania nyumba moja mkiwa milango tofauti. Mbinu nyingine mbili, OOHDM ya Schwabe na Rossi, na WebML iliyotoka Politecnico di Milano mwaka 2000, zote hutenganisha habari zenyewe, njia za kuzipitia, na sura ya kuonyeshea. Swali langu ni jingine: mchoro atautunza nani? Nimeona michoro mizuri ikifungiwa kwenye droo mara tu malipo ya awamu ya kwanza yalipotoka, na baada ya mwaka tovuti na mchoro havijuani tena. Mimi hubandika mchoro ukutani, na hakuna anayeongeza ukurasa kabla hajaonyesha kwa kalamu unaingilia wapi, hata kama aliyeuagiza ni mwenyekiti.

MtuWaKamanga

Shukrani, dada na kaka zangu, na shikamoo mzee. Tulikwenda Kirumba Jumamosi. Kadi ya "Kuhusu sisi" haikuchukuliwa na mtu yeyote, na "vibali" na "leseni", tulivyoviweka katika menyu mbili, kila mtu aliviweka fungu moja. Tuliporudi tulichora kwenye manila na kugundua kwamba kurasa zetu 400 ni za aina 11 tu, na baadhi ya viongozi hawajafurahi kusikia kwamba ukurasa "wao" ni kipande cha ukurasa mwingine. Tumeanza na makundi ya watumiaji, kisha huluki, kisha njia. Kimebaki kitu kimoja kinachotutatiza: Kiingereza tukifanye tovuti ya pili?

Fundi_Igoma

Hapana, kwa maana mtarudi kule kule kwenye bei tatu. Lugha iwe sifa ya kila andishi linalosomwa, kama maelezo ya mwalo au somo la mafunzo. Namba ya chombo, tarehe na bei havitafsiriwi, hivyo viingizwe mara moja tu. Na mahali ambapo tafsiri bado haijaandikwa, onyesheni Kiswahili badala ya ukurasa mtupu.