Ulinganisho: kati ya Disraeli, Ziegfeld, Pasteur na Zola, ni filamu gani iliyostahili Oscar yake?

Mwalimu wa Chumbageni:
Habari za jioni, wanajukwaa. Kikundi chetu cha kutazama filamu za zamani kimenipa kazi ya kuchagua filamu moja ya wasifu kutoka Hollywood ya miaka ya mwanzo ya sauti, kwa sharti kwamba iwe imetwaa Oscar, na kwamba tuitazame na kuijadili ndani ya saa tatu tulizopewa ukumbi. Nimebakiwa na nne: Disraeli ya 1929, kuhusu waziri mkuu wa Uingereza wa karne ya 19, iliyompa George Arliss tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika hafla ya Novemba 1930, The Great Ziegfeld, kuhusu mwandaaji wa maonyesho ya jukwaani wa Marekani, iliyotangazwa filamu bora ya 1936 katika hafla ya Machi 1937, The Story of Louis Pasteur, kuhusu mwanasayansi wa Ufaransa, iliyompa Paul Muni tuzo ya mwigizaji bora katika hafla hiyohiyo, na The Life of Emile Zola, kuhusu mwandishi wa Ufaransa, iliyotwaa tuzo ya filamu bora mwaka uliofuata. Sitafuti iliyo maarufu zaidi. Ninachotaka kujua ni ipi ambayo tuzo yake inaeleweka hata leo, mtu akiitazama bila kusimuliwa kwanza kwa nini watu wa wakati ule waliishangilia.

Bi Mwanakombo:
Mwalimu, nianze na Disraeli kwa sababu ndiyo inayoonewa zaidi. Arliss alikuwa na umri wa miaka 61, na alikuwa ameshamcheza Disraeli jukwaani tangu 1911, kisha katika filamu isiyo na sauti ya 1921, kwa hiyo studio ya Warner ilipomweka mbele ya maikrofoni alimjua mhusika wake kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Kisa ni cha 1875, Uingereza iliponunua hisa za Khedive, yaani mtawala wa Misri, katika Mfereji wa Suez kwa pauni milioni 4. Aliyekopesha fedha hizo alikuwa Rothschild, lakini filamu imemweka mahali pake mwenye benki wa kubuni, ikaongeza na majasusi wa Urusi ili mambo yachemke.

Kasoro yake iko wazi. Kamera za mwaka ule zilifungiwa ndani ya vibanda ili mngurumo wake usinaswe pamoja na sauti za waigizaji, ndiyo maana watu wanasimama wakizungumza kama walio jukwaani, wakingojeana zamu. Hata hivyo, tazameni vipande ambavyo Disraeli yuko na mkewe. Anayemcheza mke huyo ni Florence, mke wa Arliss mwenyewe, na namna wanavyotazamana haiwezi kufundishwa na mwongozaji yeyote. Katika mwaka ambao kila studio ilikuwa ikihangaika kumpata mtu awezaye kusema na kusikika, tuzo ile ilikwenda kwa mwenye haki. Kama ningeulizwa niionyeshe kwa watu wasiozoea filamu za aina hii, hapo ningesita.

Msomaji wa Usiku:
Ninamuunga mkono Bi Mwanakombo, ila ninashangaa orodha haina The Private Life of Henry VIII ya 1933. Charles Laughton alipewa Oscar kwa kumcheza mfalme yule, na filamu inaanza kwa kutuarifu kwamba mke wa kwanza ameachwa kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, hivyo kisa chake hakina mvuto. Filamu inayokiri udaku wake tangu dakika ya kwanza ni ya kweli kuliko nyingi zinazojiita za kihistoria.

Kuhusu Ziegfeld, inakaribia saa tatu peke yake, kwa hiyo mtamaliza muda wa ukumbi kabla hamjafungua midomo. Hata muda ungekuwapo, ningeipinga. Florenz Ziegfeld alikuwa amefariki 1932 tu, mjane wake Billie Burke alikuwa hai, na filamu ina adabu za msibani: madeni yanageuzwa kuwa ukarimu, na wanawake wengine katika maisha yake wanapita kama upepo. Kilichobaki ni maonyesho, na sikatai kwamba ile nguzo kubwa ya ngazi za mzunguko iliyojaa waimbaji na wacheza dansi ni jambo la kuona. Hata hivyo, kinachokumbukwa zaidi na wengi ni mwanamke mmoja na simu. Luise Rainer, katika nafasi ya Anna Held, mke wa kwanza wa Ziegfeld, anampigia mtalaka wake kumpongeza kwa ndoa mpya. Sauti yake inacheka huku machozi yakimtoka, na akiweka simu chini hakuna tena wa kumfichia. Rainer alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa nafasi hiyo. Hiyo ninaikubali. Tuzo ya filamu bora ninaiona kama zawadi kwa wingi wa maleba.

Mwalimu wa Chumbageni:
Henry VIII niliiacha kwa sababu ilitengenezwa Uingereza na Alexander Korda, na sharti letu ni Hollywood. Ziegfeld nimeifuta.

Daktari wa Mifugo:
Mimi ni mtu wa ng'ombe na kondoo, si wa sinema, lakini Pasteur ninaijua vizuri kwa sababu kimeta ni ugonjwa ninaopambana nao kazini. Jaribio la Pouilly-le-Fort la 1881 lilikuwa na kondoo 25 waliochanjwa na 25 wasiochanjwa, wote wakachomwa vijidudu vya kimeta, na filamu imelishika jambo hilo kwa namna ambayo mtu asiyejua lolote kuhusu chanjo analielewa kwa macho: upande mmoja kondoo wazima, upande wa pili mizoga. Sijaona somo la jaribio lenye kundi la ulinganisho lililofundishwa kwa uwazi kiasi hicho ndani ya filamu ya burudani.

Haimaanishi kwamba haipindi mambo. Dakta Charbonnet, yule mpinzani mwenye majivuno, ni wa kubuni. Wapinzani wengi wa kweli wamefinyangwa wakawa mtu mmoja. Isitoshe, daftari za Pasteur zilipokuja kuchunguzwa miongo mingi baadaye, ilionekana kwamba chanjo iliyotumika siku ile iliandaliwa kwa kemikali, kwa njia ya msaidizi wake Chamberland, ilhali umma uliachwa uamini vingine. Waandishi wa 1936 hatuwezi kuwadai jambo hilo.

Kipande ninachokipenda hakina kondoo. Binti wa Pasteur anakaribia kujifungua, mkunga-daktari pekee anayepatikana ni Charbonnet, na mwanasayansi mzima anabaki kumsihi mtu anayemdharau aoshe mikono yake na kuchemsha vifaa vyake. Charbonnet anakubali kwa bei: Pasteur atie saini karatasi ya kukana kazi yake. Muni haongezi sauti. Anatazama mikono ya yule daktari, basi.

Kijana wa Kariakoo:
Shikamooni wakubwa. Je, ile ya Stanley and Livingstone ya 1939 haiingii? Walau inafika Ujiji, na Spencer Tracy alikuwa ndiye mwigizaji wa Oscar mbili mfululizo.

Bi Mwanakombo:
Marahaba, mwanangu. Tracy ni kweli, na ya pili kati ya hizo aliipata kwa kumcheza Padri Flanagan, mtu aliyekuwa hai wakati huo. Ile ya Ujiji, hata hivyo, haikupata tuzo yoyote, na sharti la Mwalimu linaitoa nje.

Mpenzi wa Mahakama:
Ninashangaa hakuna aliyemtetea Zola hadi sasa. Hii ndiyo filamu ya kwanza katika historia ya Oscar kupata mapendekezo 10, na ikashinda matatu: filamu bora, mwongozo wa filamu ulioandikwa, na mwigizaji msaidizi kwa Joseph Schildkraut, aliyemcheza Kapteni Dreyfus, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa usaliti na kutetewa na Zola. Muni mwenyewe, aliyemcheza Zola, alipendekezwa akashindwa na Tracy. Ile hotuba yake mahakamani ni ndefu, na bado haichoshi. Schildkraut naye ana nafasi ndogo, lakini anapoambiwa kwamba yuko huru kutoka kisiwani alikofungwa, anavuka mlango wa seli, anarudi ndani, anatoka tena, kana kwamba miguu inahitaji kuthibitishiwa. Hakuna neno linalosemwa hapo. Kwa filamu inayosifiwa kwa hotuba zake, huo ndio ushindi wake mkubwa.

Msomaji wa Usiku:
Ndugu Mpenzi wa Mahakama, umeruka jambo zito. Dreyfus alisingiziwa na kuonewa kwa sababu alikuwa Myahudi, na katika filamu nzima neno hilo halitamkwi hata mara moja. Linaonekana tu katika karatasi: maofisa wanapotafuta wa kumtwika kosa, orodha inaoneshwa kwa karibu, kidole kinashuka hadi kwenye jina la Dreyfus, na dini yake imeandikwa pembeni. Ukipepesa macho umelikosa. Hii ni 1937, Hitler yuko madarakani kwa miaka minne, na filamu inayohubiri kusema ukweli inashindwa kuutaja ukweli wenyewe. Zola aliandika barua yake ya kumtetea Dreyfus gazetini Januari 1898 bila kuficha jina la mtu. Tena, filamu inamuua usiku wa kuamkia sherehe ya kumrudishia Dreyfus heshima yake, ilhali Zola alifariki 1902 na Dreyfus akasafishwa 1906.

Mpenzi wa Mahakama:
Tarehe ninakusamehe, kwani kila filamu ya wasifu huminya miaka. Hoja ya neno lile siwezi kuipinga, ila ninasema kidole kile kinafanya kazi kubwa kuliko unavyokiri, kwa kuwa mtazamaji makini anaona uonevu ukianza kwa mtu kusoma orodha tu.

Bi Mwanakombo:
Kuna jambo moja la nyuma ya pazia. Kuanzia Julai 1934 kanuni za maadili za filamu za Hollywood zilianza kusimamiwa kwa ukali, filamu za majambazi zikabanwa, na studio zikahitaji wahusika ambao mapadri na walimu wasingewalalamikia. Muni huyuhuyu alitamba mwaka 1932 akiwa jambazi katika Scarface. Miaka minne baadaye amevaa ndevu za Pasteur. Studio yenyewe iliisitasita filamu ile na kuipa bajeti ndogo, ikidhani hakuna atakayelipa kiingilio kuona vijidudu. Ilipofaulu, ndipo mlango wa Zola ulipofunguka, kwa mwigizaji yuleyule na mwongozaji yuleyule, William Dieterle. Kwa maoni yangu, ya kwanza ilithubutu, ya pili ilijua itapigiwa makofi.

Mwalimu wa Chumbageni:
Bi Mwanakombo, umenimalizia kazi. Tutaonyesha Pasteur yote, kwa kuwa haifiki saa moja na nusu, na katika muda utakaobaki nitawawekea vipande viwili vya Zola: kidole kwenye orodha, na Dreyfus mlangoni mwa seli. Daktari, kama uko karibu na Tanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, tafadhali njoo utueleze habari ya zile daftari, kwa maana najua swali la kondoo litaulizwa na mimi sitakuwa na jibu.

Daktari wa Mifugo:
Nitakuja, nikijaliwa. Naomba tu filamu isisimamishwe katikati ya kipande cha kuosha mikono.